Ahadi ya Jalada: Juu ya Vitabu vya Katuni vya Kale na Wakusanyaji Wake

Vitabu vya katuni vilivyopigwa chapa Marekani kati ya mwaka 1938 na mwaka 1955 vilitengenezwa ili visomwe, kisha vitupwe. Karatasi yake ilikuwa ile duni ya magazeti, itokanayo na mti uliosagwa, yenye asidi ndani yake, ambayo huanza kugeuka manjano tangu siku inapopigwa na mwanga. Bei yake ilikuwa senti kumi. Mtoto alikinunua kibandani, akakikunja, akakitia katika mfuko wa nyuma wa suruali, akakisoma, akabadilishana na mwenziwe, na mwisho wake ukawa moto au jaa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watoto wenyewe walihimizwa kukusanya karatasi kuukuu kwa mahitaji ya vita, na vitabu vingi sana vilikwenda kwa njia hiyo. Katika kitabu chote sehemu moja tu ilipewa karatasi laini yenye kung'aa na rangi zilizokolea. Sehemu hiyo ni jalada. Leo kitabu kile kile hufungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki, hupewa namba, na pengine huuzwa mnadani kwa mamilioni ya dola. Habari za bei zake zimeandikwa mno. Lipasalo kuulizwa na mhakiki ni jambo jingine, nalo ni kama kitu kinachohifadhiwa hivyo ndicho kitu kilichochorwa.

Jalada lina sheria zake, na sheria hizo hazikutungwa na chuo cha sanaa bali na kibanda cha magazeti. Mnunuzi wake alikuwa mtoto aliyesimama na sarafu moja mkononi mbele ya makumi ya vitabu vilivyopangwa kwa kufunikana. Sehemu ya juu ya jalada ndiyo iliyoonekana kwanza, na kwa hiyo jina la kitabu lilikaa huko kwa herufi kubwa, pamoja na namba, bei na mwezi. Mwezi wenyewe aghalabu haukuwa wa kweli. Uliandikwa mwezi ulio mbele, ili mwenye kibanda asikiondoe kitabu mapema kwa kukidhania kimechakaa. Mchoraji aliachiwa nafasi iliyobaki chini ya herufi, na katika nafasi hiyo alitakiwa aseme neno moja litakalosikika kutoka hatua mbili tatu. Hakuwa na fursa ya kueleza. Picha iliyohitaji maelezo ilikuwa picha iliyoshindwa.

Kazi ya chapa nayo iliweka mipaka yake. Mchoraji alichora kwa kalamu na brashi ya wino mweusi. Rangi zilitiwa baadaye kwa mabamba manne, moja la manjano, moja la wekundu wa waridi, moja la samawati na moja la weusi. Kila rangi nyingine iliyoonekana, ikiwa kijani cha gari au kahawia ya ukuta, ilitokana na nukta ndogo za wino zilizolazwa moja juu ya nyingine. Mabamba yakihitilafiana kwa unene wa ukucha tu, mdomo wa shujaa huhama usoni pake. Ndiyo sababu mistari ya majalada hayo ni minene na rangi zake ni chache na za wazi. Wako wanaoudharau unene huo kwa kuupima na michoro ya rangi ya mafuta. Kipimo hicho si cha haki. Jalada halina asili yenye rangi ambayo chapa ni kivuli chake. Mchoro wa wino ulikuwa maandalio tu, na mingi ya miaka hiyo iliharibiwa na wachapishaji wenyewe baada ya bamba kutengenezwa. Jalada lilizaliwa katika mtambo wa chapa, na nakala ya senti kumi ndiyo kazi yenyewe.

Msomaji wa pwani anacho karibu naye kitu cha kumsaidia kuielewa sanaa hii. Kanga huwa na pindo, mji na jina, na mnunuzi dukani huvipokea vyote vitatu kwa mtazamo mmoja, picha ikilitia nguvu neno na neno likiitia picha maana. Jalada nalo lina pindo lake la herufi, mji wake wa picha, na mara nyingi maneno machache yaliyotiwa pembeni ili kuchochea. Walakini pana tofauti kubwa. Kanga ikisha kununuliwa haidaiwi kitu; jina lake limekwisha sema lote. Jalada hudaiwa. Ni ahadi iliyotolewa nje ya kitabu, ambayo hulipwa au kuvunjwa ndani yake. Mhakiki anayelitazama jalada bila ya kukifungua kitabu husikiliza ahadi asijue mwisho wake.

Mfano ulio bora wa haya ni jalada la Action Comics namba 1, lililoandikwa mwezi wa Juni 1938, ingawa kitabu kilikwisha kuonekana vibandani mwezi wa Aprili. Lilichorwa na Joe Shuster, kijana wa miaka 23, ambaye pamoja na mwenziwe Jerry Siegel wa mji wa Cleveland alikuwa amembuni shujaa aitwaye Superman. Mtu mwenye nguo ya samawati na joho jekundu amelinyanyua gari la kijani juu ya kichwa chake, naye analiponda mwambani. Vipande vinaruka. Upande wa mbele, chini kushoto, mtu mmoja anakimbia kuja kwa mtazamaji huku ameshika kichwa kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Mwingine yuko chini kwa magoti. Nyuma yao wote ni manjano tupu.

Jina la Superman halimo katika jalada hilo. Hakuna neno hata moja linaloeleza ni nani huyu mwenye joho wala gari ni la nani. Mtazamaji wa leo, ambaye amezaliwa katika dunia inayomjua Superman, hulitazama akaona shujaa. Mtoto wa mwaka 1938 hakuwa na elimu hiyo. Aliona mtu mwenye nguvu zipitazo kiasi akivunja mali ya watu, na uso wa pekee uliogeuzwa kwake waziwazi ulikuwa uso wa mtu aliyejawa na hofu. Kwa mpango wa picha ulivyo, mtazamaji amewekwa katika njia ya yule anayekimbia, na kama yapo maoni anayotakiwa ayashiriki, ni ya mkimbizi na si ya mwenye joho. Yamkini huyu ni jini au mwizi. Jalada halijibu. Jibu limo ndani, katika hadithi ya kurasa 13, ambamo inaonekana kwamba waliokuwa garini ni wahuni waliomteka mwanamke, Lois Lane, baada ya kukataa kucheza dansi na mkubwa wao. Hapo ndipo hofu ya yule mtu inapobadilika sura mbele ya msomaji na kuwa malipo yake. Picha ile ile, pasipo kuongezwa mstari, imegeuka.

Huu ni ustadi mkubwa, nao haukutokana na elimu ya muda mrefu. Mikono ya Shuster haikuwa mwepesi kama ya wachoraji waliomfuata, na mtu akiichunguza miguu ya Superman huyo ataona ina ugumu fulani. Lakini aliielewa ahadi. Inasimuliwa kwamba mchapishaji aliiona picha hiyo kuwa ya upuuzi, na ni kweli kwamba kuanzia namba 2 mpaka namba 6 Superman hakuonekana jaladani. Alirudishwa katika namba 7, baada ya kudhihirika watoto walikuwa wakinunua kwa ajili ya nani. Pengine mchapishaji alitaka picha isiyouliza maswali.

Kwa haki zote za Superman vijana wale wawili walilipwa dola 130. Hundi yao ya mwezi wa Machi 1938 ilikuwa ya dola 412, kwa kuwa ilijumlisha na kazi nyingine walizodai, na katika orodha yake dola hizo 130 zimetajwa mbele ya jina la Superman kama mstari mmoja miongoni mwa mistari. Hundi hiyo iliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000. Wenyewe walikuwa wamekwisha fariki. Walipata kurudishiwa majina yao katika kazi yao, pamoja na posho ya dola 20,000 kwa mwaka kwa kila mmoja, ilipofika mwisho wa mwaka 1975, baada ya miaka mingi ya mashtaka na dhiki. Mkusanyaji anayelitaja jalada hilo kuwa hazina, pasipo kulitaja jambo hili, hutaja nusu ya habari.

Ahadi ya jalada yaweza pia kuvunjwa kwa makusudi, na wakati mwingine kuvunjwa kwake kukawa ndiko kuzuri. Jalada la Captain America Comics namba 1 lilitoka Desemba 1940, likiwa na tarehe ya Machi 1941. Jack Kirby na Joe Simon, wote wawili wana wa Wayahudi, walimchora shujaa aliyevaa bendera ya nchi yake akimpiga Hitler ngumi ya taya, risasi za askari zikimpita pembeni na nyingine zikigonga ngao yake. Marekani haikuwa vitani. Iliingia Desemba 1941, mwaka mzima baadaye, na wananchi wengi walikuwa wakipinga kuingia. Mtu akifungua kitabu akaitafuta ngumi hiyo hataipata. Tukio hilo halimo katika hadithi hata moja ya toleo lile. Kwa sheria iliyokwisha elezwa, jalada hili limedanganya. Lakini deni lake halikuwa kwa kurasa za ndani. Kirby na Simon walikuwa wakiiambia nchi yao jambo ambalo serikali ilikuwa haijalisema, na walilisemea kibandani kwa sababu hapo ndipo walipokuwa na pa kusemea. Kwa mchoro lina nguvu kuliko la Shuster. Mwili wa Hitler unaanguka kwa mshazari, mkono wa Captain America umenyooka, na macho hayana njia ya kupita illa yaufuate mkono mpaka tayani.

Walakini si kila uongo wa jalada ulikuwa wa namna hiyo, na hapa msomaji wa Afrika ana haki ya kudai hesabu. Kampuni ya Fiction House ilitoa kitabu kiitwacho Jungle Comics, matoleo 163, kuanzia Januari 1940 mpaka mwaka 1954. Mahali pa hadithi zake ni Afrika, ingawa ni Afrika isiyo na mji wala shamba. Shujaa wake ni Mzungu aliyekulia msituni, na jina lake ni Kaänga, ambalo kwa msomaji wa Kiswahili halina utukufu wowote ila wa jikoni. Majalada yake yalikuwa na kanuni isiyochosha kurudiwa: simba, chui au nyoka, mwanamke wa Kizungu mwenye kipande cha ngozi ya mnyama, aliyefungwa au anayekaribia kushikwa, Kaänga akiruka na kisu, na nyuma, kama vichaka, watu weusi wenye mikuki. Kwa ufundi wa mwili na mwendo baadhi ya majalada hayo ni mazuri. Mistari inapita, wanyama wana uzito, rangi za machungwa na kijani zimepatana. Wakusanyaji huyasifu kwa hayo, na sifa yao si ya uongo.

Lakini picha haiwezi kukatwa hivyo vipande viwili, ufundi ukawekwa kabatini na maana ikatupwa nje. Mchoraji aliyejua kuupa ubavu wa chui uhai aliwanyima uhai huo watu waliosimama nyuma yake, na alijua anachofanya, kwa maana aliwachora wote kwa uso mmoja. Kasoro hiyo ni ya mkono pamoja na ya moyo. Mhakiki anaweza kuonyesha mahali pale hasa ambapo mstari unakoma kutazama na kuanza kunakili. Majalada mengi ya miaka ya vita yanayowaonyesha Wajapani yana ugonjwa huo huo, na baadhi yake huuzwa leo ghali kupita mengine ya wakati wake. Kuyachoma si shauri la mtu wa elimu. Yahifadhiwe, kwa maana ni ushahidi. Illa ushahidi huhifadhiwa ili usomwe, na mtu anayeyatundika ukutani kwa ajili ya uzuri wa chui peke yake amechagua asisome.

Mwaka 1954 swali la uzuri na ubaya wa jalada liliingia mahali ambapo wahakiki hawajapata kualikwa. Kamati ndogo ya Seneti ya Marekani iliyochunguza uhalifu wa vijana ilikutana New York tarehe 21 Aprili kusikiliza habari za vitabu vya katuni. Daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham, aliyekuwa ametoa kitabu chake kilichoitwa Seduction of the Innocent mwaka ule ule, alishuhudia kwamba vitabu hivyo viliwaharibu watoto. Baada yake alitoa ushahidi William Gaines, mwenye kampuni ya EC. Seneta Estes Kefauver alimwonyesha jalada la Crime SuspenStories namba 22, kazi ya Johnny Craig. Katika jalada hilo mtu wa suti ameshika shoka kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine kichwa cha mwanamke kwa nywele zake. Kiwiliwili kiko sakafuni nyuma. Uso wa muuaji hauonekani. Seneta aliuliza kama hilo lina adabu. Gaines alijibu kwamba lina adabu, kwa jalada la kitabu cha kutisha. Lingekosa adabu kama kichwa kingeinuliwa zaidi hata shingo ikaonekana ikivuja damu.

Jibu hilo lilimwangamiza. Magazeti yalilicheka, na mpaka leo hutajwa kama mfano wa mfanyabiashara asiye na haya. Hata hivyo, katika mahojiano yote ya siku ile, ndilo lililokaribia kuwa neno la uhakiki. Gaines alisema kwamba adabu ya picha hupimwa kwa aina yake, na kwamba ndani ya aina hiyo pana mpaka, nao mpaka huo unaweza kuonyeshwa kwa kidole: hapa, chini ya kidevu. Craig alikuwa ameikata picha yake kwa namna ambayo jeraha lenyewe liko nje ya fremu. Mtazamaji hulijaza mwenyewe. Kuufunika uso wa muuaji na kuufunua uso wa aliyeuawa ni hukumu ya mchoraji juu ya nani anastahili kutazamwa. Kosa la Gaines lilikuwa kulisema jambo la kweli mbele ya watu waliokuwa na swali lingine. Wao waliuliza habari za mtoto wa miaka tisa mbele ya kibanda, na kwa swali hilo yeye hakuwa na jibu. Wala utetezi wa sanaa ya EC haukamiliki mpaka mtetezi akubali kwamba swali lile lilikuwa halali. Jalada si ukurasa wa ndani, ambao mtu huufikia kwa hiari yake; humkuta kila apitaye njiani.

Yaliyofuata hayakuwa ya haki kwa pande zote. Wachapishaji, kwa kuogopa sheria ya serikali, walijiwekea sheria yao wenyewe mwezi wa Oktoba 1954, na kila kitabu kilichokubaliwa kikatiwa muhuri mfano wa stempu ya posta, aghalabu katika pembe ya juu ya jalada. Maneno ya kutisha yalipigwa marufuku katika majina ya vitabu. EC iliacha vitabu vyake vya namna hiyo, na makampuni mengi yakafa. Muhuri ule uliendelea kugandamana na majalada, ukidhoofika mwaka hata mwaka, mpaka wachapishaji wa mwisho walipouacha mwaka 2011. Mambo mengi yamesemwa juu ya madhara yake kwa hadithi. Kwa jalada dhara lilikuwa moja la wazi, kwamba pembe ya picha ilitwaliwa na hati ya kuthibitisha kwamba ndani hamna jambo la kuogofya. Ahadi ilianza kutolewa kinyume chake.

Hata hapo vitabu hivi vilikuwa bado ni taka kwa watu wengi. Ukusanyaji wenye bei zinazojulikana ulipata nguvu mwaka 1970, Robert Overstreet alipotoa kitabu chake cha kwanza cha bei. Tangu hapo ikazaliwa lugha ya kuieleza hali ya nakala: mikunjo ya mgongo, ukali wa pembe, kutu ya pini, mng'ao wa wino, weupe wa kurasa. Mwaka 2000 kampuni ya CGC ilianza kuipima kila nakala kwa namba, kutoka nusu mpaka 10, na kuifungia katika kasha la plastiki ambalo likifunguliwa namba hubatilika. Nakala ya Action Comics namba 1 yenye namba 9.0 iliuzwa Agosti 2014 kwa dola zaidi ya milioni 3.2, nakala yenye 8.5 iliuzwa Aprili 2024 kwa dola milioni 6.

Lugha hiyo ya hali ina utajiri wa kushangaza. Ina majina ya kila aina ya mpasuko. Haina jina hata moja la mstari, la mpango wa picha, wala la rangi iliyochaguliwa vizuri. Nakala iliyopasuka ya namba 1.0 na nakala safi ya namba 9.0 zina mchoro mmoja wa Shuster, mkimbizi mmoja, manjano yale yale, bali bei zake zimetengana kama mbingu na ardhi. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba dola hizo hulipwa kwa ajili ya sanaa ya jalada. Hulipwa kwa ajili ya uchache wa nakala ambayo haikuguswa. Yaani, kwa kweli, kwa ajili ya kutosomwa. Mtoto aliyekikunja kitabu akakitia mfukoni ndiye aliyeipokea ahadi ya jalada na kwenda kuidai, naye katika hesabu hii ni mharibifu.

Wakusanyaji wanayo hoja yao, na si hoja ya kupuuzwa. Karatasi ya asidi hufa. Kila mkono unaoifungua huiharakishia kifo, na kama wasingekuwapo watu wenye tamaa na fedha, nakala zilizobaki zingalikuwa chache kuliko hizi chache. Tena hadithi zenyewe zimechapwa upya mara nyingi, hata asiye na dola ishirini anaweza kuisoma ya Superman wa kwanza. Yote ni kweli. Lakini chapa mpya huwekwa rangi upya, juu ya karatasi nyeupe ambayo mchoraji hakuijua, na nukta za wino zinapotoweka hutoweka pamoja na sehemu ya kazi. Mwanafunzi wa sanaa hii anahitaji nakala ya kale iliyofunguka, hata kama mgongo wake umechoka. Miswada ya tenzi za Lamu na Mombasa ilikuwa na maadui wake, mchwa na unyevu, nayo haikushinda kwa kufungwa. Ilishinda kwa kunakiliwa na watu walioihitaji kwa kuisoma, na alama za vidole katika pembe zake ni sehemu ya historia yake. Mtaalamu yeyote wa miswada angeshangaa kuambiwa kwamba muswada ulio bora ni ule usiofunguliwa kamwe.

Wala si kweli kwamba kutunza na kutumia ni lazima vishindane. Gaines mwenyewe alitunza nakala zipatazo kumi na mbili za kila toleo la EC, na michoro ya asili pia, kwa sababu alizipenda kazi za watu wake. Na mkusanyo mashuhuri kuliko yote haukukusanywa na mtu aliyefikiri habari za bei. Ulikuwa wa Edgar Church, mchoraji wa matangazo ya biashara katika jimbo la Colorado. Kwa miaka mingi alinunua vitabu vya katuni na magazeti yenye picha ili viwe akiba ya kazi yake, mahali pa kutazama namna mkono unavyoshika, joho linavyoanguka, gari linavyopinda. Mwaka 1977 ndugu zake walipokuwa wakiihamisha nyumba, mfanyabiashara kijana wa vitabu, Chuck Rozanski, aliitwa, akakuta vitabu vya katuni zaidi ya 15,000, vingi vikiwa na rangi kama vilivyotoka mtamboni. Nakala ya Action Comics namba 1 iliyokuwamo huhesabiwa na wakusanyaji wengi kuwa bora kuliko zote zijulikanazo.

Wajuzi wameeleza sababu za usafi huo. Hewa ya Colorado ni kavu. Vitabu vilikaa gizani, navyo vilipangwa kimoja juu ya kingine katika marundo marefu, hata uzito wa vya juu ukavibana vya chini, na mwanga na upepo vikakosa pa kuingilia. Havikuwa na kasha wala namba. Vilikaa hapo karibu na meza ya mtu aliyevihitaji kwa kazi yake, kila rundo likiongezeka mwezi kwa mwezi, mpaka mkono wake ulipochoka kuchora.